Cluny: Nyumba Isiyokuwa na Mwenyewe

Katika nchi ya Bourgogne, upande wa mashariki wa Ufaransa, liko bonde la mto mdogo uitwao Grosne, na katika bonde hilo uko mji wa Cluny. Mji wenyewe si mkubwa. Juu ya mapaa yake umesimama mnara wa mawe wenye pembe nane, na chini ya mnara huo ipo sehemu ya jengo iliyokwenda juu kupita kiasi, kana kwamba aliyeijenga alipima kimo akasahau upana. Hayo ni mabaki ya mkono mmoja wa kanisa. Kanisa zima lilikuwa na urefu wa mita 187, na kwa muda wa karne nne na zaidi hapakuwa na kanisa kubwa kuliko hilo katika Ukristo wote wa Magharibi, mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro huko Roma. Lililosalia halifikii sehemu moja katika kumi. Mahali palipokuwa na sehemu nyingine pana njia ya watu wote, na hoteli, na mazizi ya farasi.

Ukiwauliza waliosoma historia ya Ulaya ni nani aliyelivunja kanisa hilo, wengi watakujibu kwa neno moja: Mapinduzi. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini ni kweli ya mtu mwenye haraka. Nyundo zilipigwa baada ya Mapinduzi, hilo halina ubishi. Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha kupoteza, muda mrefu kabla ya nyundo, kile kilichoifanya isimame. Na kitu hicho hakikuwa jiwe wala chokaa, kilikuwa sharti lililoandikwa katika hati yake ya kwanza. Katika kurasa hizi nataka kulifuata sharti hilo tangu lilipoandikwa hata lilipokwisha nguvu, na jengo pamoja nalo, maana mambo hayo mawili hayaachani.

Yafaa kwanza niseme neno juu ya watawa wenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki awajua Wabenediktini kwa Peramiho na Ndanda na Hanga: watu wa karakana, hospitali, shule, mashine za kupiga chapa na mashamba. Hao walikuja, au walitokana na waliokuja, kutoka nyumba ya Mtakatifu Otilia huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 19, na kazi yao ilikuwa misheni. Kanuni wanayoishika ndiyo ile ile iliyoshikwa Cluny, yaani Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, yenye sura 73, ambayo huigawa siku ya mtawa kati ya sala, kazi ya mikono na kusoma. Lakini Cluny mizani ile ililalia upande mmoja. Kazi ya mikono iliachiwa wengine, na sala ikajaza karibu siku nzima. Kardinali Pietro Damiani, aliyefika huko mwaka 1063, na ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda raha, alistaajabu kuona kwamba hata katika siku ndefu za kiangazi ibada za kwaya hazikuwaachia ndugu nafasi ya nusu saa ya kuzungumza. Msomaji akumbuke jambo hili tutakapofika kwenye ukubwa wa kanisa. Lisipokumbukwa, ukubwa huo utaonekana kuwa ni majivuno matupu.

Hati yenyewe iliandikwa mjini Bourges tarehe 11 Septemba 910. Mwenye kuitoa alikuwa Guillaume, mtawala wa Aquitaine, ambaye watu walimpa jina la Mcha Mungu, na aliyepokea alikuwa abate Bernon, mtu wa Bourgogne aliyekuwa na sifa ya kuishika Kanuni bila kulegeza. Guillaume alitoa milki yake ya Cluny pamoja na yote yaliyokuwamo: mashamba, mizabibu, malisho, misitu, vinu vya kusagia, maji, na pia watumwa wa shamba, wake kwa waume, maana hao nao walihesabiwa katika mali. Imesimuliwa kwamba mahali pale palikuwa pake pa kuwindia, na kwamba alisitasita kupatoa kwa ajili ya mbwa wake, hata Bernon akamwuliza ni kipi kitakachomfaa zaidi mbele ya Mungu, kubweka kwa mbwa au sala za watawa. Hadithi hii yapendwa sana na waandishi, na huenda ni hadithi tu. Hati haimtaji mbwa hata mmoja.

Inachokitaja hati ni kikubwa zaidi. Guillaume anaandika kwamba watawa wa Cluny hawatakuwa chini ya amri yake yeye mwenyewe, wala ya jamaa zake, wala ya mfalme, wala ya mamlaka yoyote ya dunia hii. Milki inakabidhiwa kwa mitume Petro na Paulo. Papa wa Roma ataitazama na kuilinda, lakini hata yeye anasihiwa asiichukue mali ile wala kumpa mtu mwingine. Bernon atakapokufa watawa watajichagulia abate wao wenyewe. Kila miaka mitano watapeleka Roma sarafu kumi kwa ajili ya taa za mitume. Na atakayevunja maneno haya amelaaniwa pamoja na Dathani na Abiramu, waliomezwa na ardhi, na pamoja na Yuda.

Ili kuipima hati hii ni lazima kujua desturi ya siku zile. Kanisa na nyumba ya watawa vilikuwa mali kama ng'ombe na vinu. Mwenye ardhi alirithi kanisa lililosimama juu yake, akalitoza, akamweka abate amtakaye, pengine mwanawe, pengine askari wake ambaye hajui kusoma. Guillaume hakuwa na mtoto wa kumrithi, na labda hilo lilimrahisishia ukarimu. Lakini alilolifanya ni geni: aliiumba nyumba ambayo mwenyewe hayupo duniani. Mitume wawili waliokufa miaka mia nane na zaidi kabla hawangeweza kudai kodi. Tokeo lake, ambalo sidhani kwamba Guillaume alilitazamia, ni kwamba watu wengine wenye mali walianza kuiamini nyumba ile. Mtu aliyetoa shamba lake Cluny alijua kwamba halitaangukia mikononi mwa jirani aliye adui yake. Akalitoa, na kwa kubadilishana akataka kitu kimoja tu, kukumbukwa katika sala za watawa baada ya kufa kwake. Mwaka 998, na tena mwaka 1024, Mapapa waliwaongezea watawa uhuru wa kutoamriwa na askofu wa Mâcon, jambo ambalo maaskofu wa nchi ile walilipinga kwa hasira.

Tangu mwaka 954 mpaka 1109, muda wa miaka 155, nyumba ilikuwa na maabate watatu tu waliofuatana: Mayeul, Odilon na Hugues. Sijui ufalme wa zama hizo uliobahatika kiasi hicho. Mayeul alipokuwa akivuka milima ya Alps mwaka 972 alitekwa na Waislamu wenye ngome yao Fraxinetum, katika pwani ya kusini ya Ufaransa, na watawa wakamkomboa kwa ratili elfu moja za fedha. Nyumba iliyoweza kutoa fedha hiyo haikuwa maskini. Odilon ndiye aliyeweka siku ya kuwaombea marehemu wote, tarehe 2 Novemba, siku ambayo Kanisa lote la Magharibi liliipokea baadaye. Hugues alichaguliwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akatawala miaka 60, na chini yake nyumba zilizoitii Cluny zilihesabika kwa mamia, kutoka Uingereza mpaka Hispania. Katika Januari ya mwaka 1077, Mfalme Heinrich IV wa Ujerumani aliposimama Canossa akiomba msamaha wa Papa Gregori VII, Hugues alikuwapo ngomeni kama msuluhishi, naye alikuwa baba wa ubatizo wa mfalme yule.

Mwaka huo huo wa 1077 lilitukia jambo jingine ambalo kwa jengo letu lina uzito kupita Canossa. Wafalme Wakristo wa León na Castilla walikuwa wakipokea kodi ya dhahabu kutoka kwa wafalme wadogo wa Kiislamu wa Andalus, ambao baada ya kuvunjika kwa ukhalifa wa Kordoba walinunua amani mwaka kwa mwaka. Fernando I aliahidi kuipa Cluny mithkali elfu moja za dhahabu kila mwaka. Mwanawe Alfonso VI akazifanya elfu mbili. Hakuna mtawala mwingine aliyewahi kuipa nyumba ile mchango wa kudumu mkubwa kama huo. Na dhahabu ya Andalus ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka Afrika ya Magharibi, katika nchi za mito ya Senegal na Niger, ikavuka Sahara juu ya migongo ya ngamia hata Sijilmasa, na kutoka huko ikafika pwani na kuvuka bahari, ikapigwa sarafu yenye maandishi ya Kiarabu. Mchimba dhahabu wa nchi ile hakulisikia jina la Cluny, wala mtawa hakumjua yeye. Hata hivyo fungu la jasho lake liliingia katika kuta zile, na ni haki jambo hili lisemwe katika chuo cha Afrika, kwa kuwa vitabu vingi juu ya usanifu wa Bourgogne hulipita kimya.

Sasa tulitazame jengo. Kabla yake yalikuwako makanisa mawili mahali pale: la kwanza dogo la siku za mwanzo, na la pili lililowekwa wakfu mwaka 981. La tatu, ambalo ndilo kubwa, lilianzwa mwaka 1088. Wasimulizi wa nyumba wanaeleza kwamba mtawa mzee aitwaye Gunzo, aliyekuwa amelala kwa kupooza, alitokewa usiku na Mtakatifu Petro pamoja na Paulo na Stefano. Petro akazinyosha kamba mbele yake, akampimia urefu na upana wa kanisa jipya, akamwagiza aende kwa abate. Akitii atapona, na abate akikataa, ugonjwa utamwingia yeye. Mimi naisoma ndoto hii kama jibu lililotayarishwa kwa wale walionung'unikia gharama. Kanisa la ukubwa ule halikuhitajiwa na mji mdogo kama Cluny, na abate mwerevu alipenda lawama zote zipelekwe kwa Petro mwenye mali.

Ramani yake ilikuwa msalaba wenye mikono miwili, yaani jozi mbili za mikono, kubwa na ndogo, zikifuatana kuelekea mashariki. Aliyeingia kwa mlango wa magharibi alipita kwanza ukumbi wa mbele, uliomalizika baadaye, na ambao peke yake ulilingana na kanisa kubwa la mji. Kisha alifika katika kanisa lenyewe lililogawanywa kwa safu za nguzo kuwa njia tano, moja pana katikati na mbili kila upande. Mwisho wa mashariki ulizungushwa nusu duara, na kuzunguka altare kulikuwa na njia iliyofungukia vikanisa vidogo vitano vilivyochomoza nje kama vidole. Kwa mpango huo watawa wengi waliokuwa mapadre waliweza kusoma misa zao kila mmoja kwenye altare yake, na hija ya watu haikuivunja kwaya.

Kimo ndicho kilichowashangaza watu. Dari ya njia ya katikati ilikuwa ya mawe, imepindwa kama nusu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu wake, nayo ilifika kiasi cha mita 30 kutoka sakafuni. Dari ya namna hiyo ina tabia moja mbaya: uzito wake hauanguki chini tu, bali husukuma kuta zitoke nje, na kadiri ukuta unavyokwenda juu ndivyo unavyosukumwa kwa urahisi. Kwa sababu hiyo wajenzi wa kale walifanya kuta nene na madirisha machache. Wajenzi wa Cluny hawakukubali giza. Walitoboa safu ya madirisha juu kabisa, chini ya dari yenyewe, mahali ambapo ukuta ulikuwa na haja ya nguvu zake zote. Ili kuupunguza msukumo, hawakulipinda tao kwa duara kamili. Walilifanya liwe na ncha juu, umbo ambalo msomaji aliyefika Gedi au Kilwa Kisiwani atalikumbuka. Tao lenye ncha huuelekeza uzito chini zaidi. Katika Ufaransa ya miaka ile lilikuwa jambo jipya, na kuonekana kwake katika jengo kubwa hivyo, miaka hamsini kabla ya kuzaliwa kwa mtindo uitwao Gothiki karibu na Paris, kumewapa wataalamu kazi ya kubishana mpaka leo.

Hata hivyo hesabu yao haikuwa salama yote. Mwaka 1125 sehemu ya dari ya njia ya katikati ilianguka. Ilijengwa tena, na mwaka 1130 Papa Inosenti II akaliweka kanisa wakfu; altare kuu ilikuwa imekwisha kubarikiwa mwaka 1095 na Papa Urbano II, ambaye zamani alikuwa mtawa wa Cluny chini ya Hugues.

Katika mapambo twaona watu waliokuwa na macho ya kutazama mbali. Nguzo bapa zenye mifereji zilizobandikwa ukutani zinafanana na zile za malango ya Kirumi yaliyosimama mpaka leo mjini Autun, si mbali na Cluny. Na juu ya matao makubwa ilipita safu ya matao madogo yaliyokatwa kingo zake kwa vijiduara vinavyofuatana, mtindo ambao wengi wanauona kuwa umetoka Andalus. Basi dhahabu haikuja peke yake. Roma ya kipagani na Andalus ya Kiislamu zilikaa katika ukuta mmoja juu ya vichwa vya watawa waliokuwa wakiimba zaburi, na sioni dalili kwamba jambo hilo liliwasumbua.

Na kuimba ndiko kulikokuwa kazi ya jengo. Dari ya mawe huishika sauti na kuirudisha. Mahali penye dari ya mbao sauti hupotea. Katika nusu duara ya altare zilisimama nguzo zilizokuwa na vichwa vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa. Viwili kati ya hivyo vinaonyesha sauti nane za nyimbo za Kanisa, kila sauti kwa umbo la mtu, baadhi yao wakiwa na ala mikononi, na maneno ya Kilatini yamechongwa kandokando kuieleza tabia ya kila sauti. Kingine kinaonyesha mito minne ya Paradiso. Mchongaji aliyaweka mafundisho ya muziki juu ya jiwe, katika mahali patakatifu kupita pote.

Kwa wakati huo huo Bernard wa Clairvaux, wa shirika la Sito lililotaka kuirudia Kanuni kwa ukali, aliandika kuyashutumu makanisa marefu kupita haja na mapambo yanayogharimu chakula cha maskini. Shutuma yake ina nguvu, na kila msomaji wa Kilatini huipenda kwa ufasaha wake. Lakini Bernard hakuupata ugonjwa wenyewe. Hatari ya Cluny haikuwa mapambo. Ilikuwa kwamba kanisa lilijengwa kwa mapato ambayo watawa hawakuyatawala. Mwaka 1086 Murabitun kutoka Maghreb walimshinda Alfonso huko Zallaqa, na katika miaka iliyofuata wakawaondoa wale wafalme wadogo wa Andalus mmoja mmoja. Hapakuwa tena na wa kutoa kodi, na mithkali za Cluny zikakauka jengo likiwa bado halijaisha.

Abate Pons, aliyemfuata Hugues, alijiuzulu mwaka 1122. Baadaye alirudi na watu wenye silaha, akaiteka nyumba yake ya zamani, akayeyusha vyombo vya dhahabu vya kanisa ili awalipe. Alifia kifungoni Roma mwaka 1126. Aliyebaki kulipa madeni alikuwa Pierre wa Montboissier, ambaye historia inamwita Mheshimiwa, abate tangu 1122 mpaka 1156. Nafaka ya mashamba ya nyumba haikutosha kuwalisha watawa, waliokuwa sasa mia tatu na zaidi, kwa mwaka mzima. Pierre alihesabu kila shamba, akapunguza matumizi, akakopa, akasaidiwa na Henry wa Blois, askofu wa Winchester, aliyekuwa mtawa wa Cluny na ndugu wa mfalme wa Uingereza.

Mwaka 1142 alikwenda Hispania, na haja moja ya safari ilikuwa kuzungumza juu ya dhahabu ile iliyokoma. Alirudi na kitu kingine. Huko aliwakuta wanazuoni waliojua Kiarabu, akawalipa wamfasirie Kurani kwa Kilatini. Kazi hiyo aliimaliza Mwingereza Robert wa Ketton mwaka 1143, na miongoni mwa wasaidizi alikuwamo Mwislamu aitwaye Muhammad. Ndiyo tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa lugha ya Ulaya Magharibi, na ilipigwa chapa Basel mwaka 1543. Nia ya Pierre ilikuwa kujibu na kupinga, hakuificha, ingawa aliandika kwamba anawaendea Waislamu kwa maneno, si kwa silaha kama wenziwe. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua hali hii kwa karibu: tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa lugha yetu, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa ya Godfrey Dale, padre wa misheni ya Kiingereza ya Unguja, na ikawa sababu mojawapo ya masheikh kuandika zao.

Baada ya Pierre sina haja ya kukawia. Kwa karne tatu nyumba iliishi juu ya jina lake, ikiuza hapa na kukopa pale. Pigo lenyewe lilikuja kwa kalamu mwaka 1516, Mfalme François I na Papa Leo X walipopatana mjini Bologna kwamba mfalme wa Ufaransa ndiye atakayetaja maaskofu na maabate wa nchi yake. Sharti la mwaka 910 lilivunjwa na wale wawili waliotajwa ndani yake, mfalme na Papa, na ardhi haikummeza yeyote. Tangu siku zile abate wa Cluny akawa kwa kawaida mkubwa wa serikali au wa ukoo mtukufu, aliyekula mapato bila kulala nyumbani. Richelieu alikuwa abate wa Cluny. Mazarin pia. Hao walikuwa mawaziri wakuu wa Ufaransa, na hakuna anayewadhania kuwa waliamka usiku kuimba zaburi. Mwaka 1562, katika vita vya dini, Waprotestanti waliipora nyumba na maktaba yake. Na katikati ya karne ya 18 watawa wenyewe walizibomoa nyumba zao za kale za kulala na kulia, wakajenga mpya za mtindo wa siku zile, zenye ngazi pana na madirisha makubwa, watawa wenyewe wakiwa wamebaki makumi machache. Kanisa hawakuligusa. Lilikuwa kubwa mno kwao, hata kulisafisha.

Tarehe 2 Novemba 1789 Bunge la Mapinduzi liliamua kwamba mali zote za Kanisa ziwe chini ya taifa. Ilikuwa siku ya marehemu wote, siku ya Odilon. Bunge halikulifikiria hilo, na hakuna mtu Paris aliyekuwa na sababu ya kulifikiria. Februari 1790 viapo vya utawa vilifutwa, na watawa wa Cluny wakatawanyika. Mwaka 1793 makaburi na masanamu yalivunjwa na karatasi nyingi zikachomwa moto. Hiyo ndiyo hasira ya Mapinduzi, na iliacha kuta zote na minara yote imesimama.

Waliozibomoa hawakuwa na hasira na mtu. Mwaka 1798 majengo yaliuzwa kwa wafanyabiashara wa Mâcon, nao walinunua mawe. Walipitisha njia katikati ya kanisa ili magari yaingie, wakauza kwa kipimo, wakapumzika bei iliposhuka na kuanza tena ilipopanda. Minara mingine iliangushwa kwa baruti. Kazi iliendelea mpaka 1823, Mapinduzi yakiwa yamekwisha, Napoleon amekuja na kwenda zake, na mfalme Mkatoliki amerudi katika kiti cha enzi. Mawe yale yamo katika nyumba za mji na katika mazizi ya farasi wa serikali, yaliyoanzishwa kwa amri ya Napoleon na kujengwa juu ya uwanja wa kanisa lenyewe. Watu wa mji walinunua kama ambavyo mtu yeyote hununua jiwe zuri lililo karibu na lenye bei nafuu. Kama nyumba ile ingekuwa na mwenyewe, mwenye ukoo, wakili na hati ya urithi, huenda angesimama kuitetea kama walivyofanya watu wengi wenye ngome zao. Lakini wenyewe walikuwa Petro na Paulo, na wale waliokuwa wakila kwa jina la mitume kwa miaka mia mbili na sabini walikuwa wamekwisha kimbia. Abate wa mwisho, Kardinali de La Rochefoucauld, alifia uhamishoni Münster mwaka 1800.

Tuyajuayo leo juu ya jengo hilo tunayajua kwa sehemu kubwa kwa kazi ya Mmarekani mmoja, Kenneth John Conant wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechimba Cluny tangu 1928 mpaka 1950, akakatizwa na vita. Alichimba mashimo madogo madogo, barabarani, uani, katika bustani za watu, akitafuta misingi, akapima, akachora, na mwaka 1968 akatoa kitabu chake kikubwa. Michoro yake ndiyo inayotufanya tuseme kwa hakika pale palipo na hewa tupu. Baadhi ya hesabu zake, hasa zile alizodhani kwamba wajenzi walificha ndani yake siri za tarakimu, zimekataliwa na waliomfuata. Ramani yake kwa jumla imesimama.

Katika nyumba zile za karne ya 18 husoma wanafunzi wa uhandisi, kwa kuwa tangu 1901 pana shule ya taifa ya sanaa na ufundi. Vichwa vya nguzo za altare, vilivyookotwa katika kifusi, vimewekwa katika ghala la nafaka la karne ya 13, chini ya paa la mbao lililojengwa kama jahazi lililopinduliwa, navyo vimepangwa nusu duara kama vilivyokuwa. Baadhi ya wachezaji wa ala hawana tena vichwa. Hati zilizookoka moto zilichapishwa katika juzuu sita kati ya 1876 na 1903, na ni zaidi ya elfu tano. Ile ya Guillaume imo Paris katika Maktaba ya Taifa, na laana yake yasomeka bado; ni mali ya serikali ya Ufaransa.